Mizinga iko tayari, nyuki niwatoe wapi? Wa hapa jirani au wa kusafirishwa?

MzingaMtupu
Wakuu, habari za humu ndani.

Mizinga yangu miwili imekamilika. Mavazi ya kinga ninayo, bomba la moshi ninalo, na mahali pa kuiweka pameshasafishwa. Kilichobaki ni wenye nyumba.

Nimeona matangazo mawili. Wa kwanza anauza nyuki wanaosafirishwa kutoka mbali kwenye boksi la wavu, kama kilo moja na nusu hivi, malkia yuko peke yake kwenye kizimba. Wa pili anasema ana makundi ya "hapahapa", fremu tano (zile mbao za kushikilia masega) kila moja, lakini nikimchimba anajibu kwa mkato. Halafu kuna jirani yangu anayesema nisinunue kabisa, niweke mzinga mtupu nisubiri waje wenyewe.

Swali langu: ukiondoa nauli, nyuki wa karibu na wa mbali wana tofauti gani? Na nitajuaje kama huyu wa hapahapa ni wa hapahapa kweli? Nifungueni macho kabla sijatoa hela.

Mzee wa Manzuki
Karibu chamani, kijana. Umefanya la maana kuuliza mapema, wengi huja humu nyuki wakiwa wameshahama.

Tofauti kubwa ni kalenda. Kibarua, yaani nyuki jike mfanyakazi, huchukua siku 21 tangu yai mpaka kutoka kwenye chumba chake, kisha hufanya kazi za ndani wiki mbili tatu ndipo aanze kwenda maua. Kwa hiyo nyuki unayemwona leo analeta mbochi, yaani maji matamu ya maua, yai lake lilitagwa kama wiki sita zilizopita. Malkia inabidi azidishe kutaga kabla maua hayajafunguka. Yule ambaye ukoo wake umeishi maeneo yenu kizazi baada ya kizazi, hesabu hiyo anazaliwa nayo. Wa mbali anaweza kuchelewa, vibarua wakajaa mzingani wakati maua yameshapukutika. Au kinyume chake: njaa imeingia, yeye bado anataga, na kundi linamaliza akiba yote kulea majana, yaani watoto walio bado kwenye vyumba vya sega.

Jambo hili limepimwa. Kati ya 2009 na 2012 watafiti wa Ulaya walisambaza makundi karibu 600 ya nasaba 16 katika nchi 11, ya mahali husika na ya kutoka kwingine yakiwekwa pamoja, bila kuyapa dawa ya utitiri wa varoa. Makundi yenye malkia wa mahali husika yaliishi kwa wastani siku 83 zaidi.

La pili ni magonjwa. Varoa mwenyewe hakuwa mdudu wa nyuki wetu hawa. Alikuwa wa nyuki wa Asia, Apis cerana, ambao wanajua kuishi naye. Watu walipopeleka mizinga ya Apis mellifera, yaani nyuki wetu hawa, huko, mdudu akahamia, kisha mizinga hiyohiyo ikamsambaza karibu dunia nzima. Australia ilikuwa imebaki salama, naye akagunduliwa huko mwaka 2022. Kila boksi la nyuki linalosafiri linabeba na abiria wasioandikwa kwenye tangazo.

Hoja Mkononi
Mzee heshima yako, ila hapo kwenye wa mbali kushindwa na wa mahali husika nina shaka. Mwaka 1956 Brazili ilichukua malkia kutoka Afrika. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na kufikia 1990 uzao wao ulikuwa umeingia Texas. Hao si walitoka mbali? Mbona waliwafunika nyuki waliowakuta?

Mzee wa Manzuki
Hoja nzuri, lakini angalia waliokutwa ni nani. Bara la Amerika halikuwa na nyuki hawa wa asali kabisa, waliletwa na Wazungu kutoka Ulaya. Kwenye joto la Brazili, nyuki wa Ulaya ndiye alikuwa mgeni zaidi. Wa Afrika alikuta jua analolijua.

Na kisa hicho chenyewe kinatoa tahadhari nyingine. Nyuki hawana uzio. Ukileta malkia wa mbali, madume yake yatapanda malkia wa jirani zako wote. Hakuna wa kwenda kuyarudisha. Mimi nikisikia mtu anajisifu ameagiza "mbegu bora" huwa nawaza majirani zake kwanza.

Hoja Mkononi
Nimekubali nusu. Nusu iliyobaki ni kwamba kuna wafugaji wa "hapahapa" wenye nyuki wakali na wagonjwa. Ukaribu peke yake si cheti.

Binti Nta
Hoja Mkononi leo umenena, nami naanzia hapohapo.

Neno "hapahapa" kwenye tangazo halina mwenyewe. Boksi linaweza kuwa la hapa, fremu za hapa, vibarua wa hapa, na malkia amefika wiki iliyopita kwenye bahasha. Wauzaji wengine huchukua fremu mbili za majana mzinga huu, mbili mzinga ule, moja ya asali kwingine, wanatumbukiza malkia wa kununua, wanakuuzia. Hilo bado halijawa kundi, ni abiria wa basi moja.

Kwa hiyo MzingaMtupu, usimuulize kama nyuki ni wa hapa. Muulize hivi: malkia huyu alizaliwa wapi, mama yake ni wa mzinga upi, na ameanza kutaga lini kwenye boksi hili? Kama ni mfugaji wa kweli atakuonyesha na mzinga wa mama. Wapo watakaokuchosha kwa habari za mama huyo, vumilia tu.

Kisha omba boksi lifunguliwe mbele yako, mchana, jua likiwaka. Akikataa, aga kwa heshima.

Likifunguliwa, shika fremu moja ya katikati, jua likiwa nyuma ya bega lako ili mwanga uingie mpaka ndani ya vyumba. Unatafuta mayai. Ni meupe, membamba, yamesimama chini ya chumba, moja kila chumba. Yai husimama siku ya kwanza, huinama kadiri siku zinavyokwenda, siku ya tatu linakuwa limelala. Ukiona yaliyosimama, malkia alikuwepo jana au leo, hata usipomwona mwenyewe. Ukiona mawili matatu kwenye chumba kimoja, mengine yameganda ubavuni, hao ni vibarua wanaotaga kwa kukosa malkia, na uzao wao ni madume matupu. Malkia mchanga anayeanza huweza kukosea akaweka mawili siku za mwanzo, lakini yeye huweka chini kabisa ya chumba.

Majana yaliyofunikwa: kifuniko cha kibarua ni bapa au kimeinuka kidogo sana, kikavu, rangi ya kahawia. Kilichovimba juu ni cha dume. Vifuniko vilivyodidimia, vyenye unyevu kama mafuta au vitundu visivyo sawa, simama hapo. Chukua njiti ya kiberiti, toboa, koroga, vuta polepole. Kikivutika uzi mrefu wa kahawia, ni ugonjwa wa kuoza majana. Usinunue hata akikupunguzia nusu, na usipeleke hata fremu tupu nyumbani, maana mbegu za bakteria huyo hukaa kwenye masega makuukuu zaidi ya miaka 40. Toa taarifa kwa wanaohusika na afya ya mifugo.

Kuhusu rangi mgongoni mwa malkia, kuna utaratibu wa kimataifa. Mwaka unaoishia na 1 au 6 ni nyeupe, 2 au 7 njano, 3 au 8 nyekundu, 4 au 9 kijani, 5 au 0 bluu. Itakwambia umri, basi. Asili haisemi.

Kimya Kimya
Huwa nasoma tu sichangii, ila hii ya njiti ya kiberiti nimeichukua. Dada, fremu tano zinatakiwa ziwe na nini hasa?

Binti Nta
Tatu ziwe na majana ya rika zote, yaani mayai, mabuu na yaliyofunikwa. Zinazobaki ziwe na asali na chavua. Nyuki wafunike fremu zote pande mbili. Na malkia awe ametaga ndani ya boksi hilo angalau siku 21, kwa sababu kabla ya hapo watoto wanaotoka si wake, unasifu kazi ya malkia mwingine.

MzingaMtupu
Dada umenimaliza. Nimempigia simu na swali la mama wa malkia. Kimya kidogo, halafu "ni wazuri hao, usijali".

Fundi Mbao
😂 Jibu umelipata.

Mimi niongelee njia ya jirani yako, ya kutega. Usiidharau. Bumba la nyuki linaloondoka mzingani ni kundi lililofaulu mpaka likajigawa, hapo hapo kwenye mazingira yenu. Kama si la mtu aliyeagiza juzi, huna nyuki wa hapa zaidi ya hao.

Ila mzinga mtupu ovyo ovyo hauwavutii. Mwanasayansi Thomas Seeley alichunguza kwa miaka mingi nyuki wanachagua nyumba vipi. Ujazo wanaoupenda ni kama lita 40. Tundu la kuingilia dogo, sentimita za mraba 10 hadi 15, liwe chini ya boksi, na boksi likae juu mita kadhaa kutoka ardhini. Mimi nashauri urefu ambao utaweza kushuka nalo likiwa limejaa bila kuvunjika mguu, maana kundi lenye masega lina uzito na halisubiri ujipange kwenye ngazi.

Ndani weka kipande cha sega kuukuu jeusi, kutoka mzinga unaojua ni mzima. Pakaza nta na gundi ya nyuki kwenye kuta. Matone machache ya mafuta ya mchaichai mlangoni, kwa sababu yana sitrali, ambayo imo pia kwenye harufu nyuki wanayoitoa kuitana. Usimwage chupa nzima.

Tega wiki mbili tatu kabla ya maua makuu. Utawaona wapelelezi kwanza: wanazunguka boksi, wanaingia, wanatoka, wanatembea kwenye kuta za nje, wanachungulia kila ufa. Hawabebi kitu miguuni. Wakiongezeka siku hadi siku, usiguse. Siku utakayoona nyuki wanaingia na chavua miguuni, wameshahamia na kuna majana ya kulisha au yako njiani.

Kimya Kimya
Mimi waliingia jioni, kesho yake saa tano wakaondoka wote. Sikuwafanya chochote.

Fundi Mbao
Inatokea sana mkuu. Angalia jua la mchana lilipiga boksi moja kwa moja au la, na sisimizi na siafu. Nguzo za stendi zipakwe grisi, au kama limetundikwa kwa waya, pakaa waya. Rangi au mbao yenye harufu mpya nayo inafukuza.

Dawa bora zaidi ni fremu moja yenye mabuu wachanga kutoka mzinga mwingine mzima. Nyuki wana uzito wa kuacha watoto. Sisemi haiwezekani, nyuki wa nchi za joto wakiudhiwa huacha chochote, lakini inapunguza sana. Na usifungue fungue. Wiki ya kwanza watazame mlangoni tu.

Hoja Mkononi
Na waliotegwa si wana varoa pia?

Binti Nta
Wanao, wanakuja nao mwilini. Lakini bumba halina majana yaliyofunikwa, na varoa huzalia humo ndani. Kwa muda huo mfupi wadudu wote wako nje juu ya nyuki, kwa hiyo ukitaka kuhesabu au kutibu, ndio wakati wake. Hesabu ni nyuki nusu kikombe, kama 300, waoshwe kwa spiriti, gawanya wadudu kwa tatu upate kwa kila 100. Ikifika tatu kwa mia, wafugaji wengi huona muda wa kuchukua hatua umefika. Hakikisha malkia hayumo kwenye kikombe, tafadhali.

Mkata Shina
Kwani tabu yote hii ya nini? Nyuki wamejaa kwenye mapango ya miti. Unakata, unachukua, umemaliza.

Mzee wa Manzuki
Hapana mwanangu. Ukikata mti umeua nyumba ambayo ingezaa bumba kila msimu bila wewe kuilisha. Masega yanaangukiana, malkia anapondwa, na unabaki na ndoo ya nyuki wenye hasira. Weka mtego wako jirani na mti huo, subiri mabumba yake. Kama kundi limo kwenye ukuta wa nyumba na mwenyewe anataka liondoke, hapo sawa, nenda na mzoefu.

Sasa kijana mwenye mizinga mitupu, njia ninayoiona bora kwako bado haijatajwa vizuri. Tafuta mfugaji aliye karibu, hata kama hauzi nyuki. Ukiona mtu mwenye makundi ambayo yamepita misimu yote ya mwaka mahali penu bila kuongezewa malkia wa nje, mgande huyo. Msaidie siku za kukagua. Wafugaji wengi kabla ya maua makuu wana kundi moja mbili zinazotaka kujigawa, na wao wanahangaika nazo kuliko wewe unavyohangaika kutafuta. Mwombe akugawie.

Kugawa kwenyewe: anatoa fremu zenye mayai na mabuu wachanga, akiba ya chakula na nyuki wa kutosha, malkia anabaki kwake. Nyuki wako wakijiona hawana malkia wanachagua mabuu wadogo kabisa na kuwalea wawe malkia. Tangu yai mpaka malkia kutoka ni siku 16. Akitoka anahitaji siku kadhaa akomae, anatoka kwenda kupandwa angani na madume kumi na kitu au zaidi, anarudi, baada ya siku mbili tatu anaanza kutaga. Jumla ni karibu mwezi mzima huoni yai. Wageni wengi hapo hushikwa na wasiwasi, wanafungua kila siku, malkia anarudi kutoka angani anakuta nyumba haina paa.

Usigawe kabla madume hayajakuwepo. Dume huchukua siku 24 kutoka, na bado wiki mbili hivi akomae. Ukiona madume wanatembea kwenye masega ya mwenyeji, muda umefika.

Malkia wa namna hiyo mama ni wa hapo na baba ni wa hapo.

MzingaMtupu
Mzee, mfugaji yupo, hatuko mbali hata kidogo. Si nyuki watarudi kwake?

Mzee wa Manzuki
Wakubwa waliozoea njia watarudi, ndiyo. Ukiweza, peleka boksi zaidi ya kilomita tatu, likae huko wiki mbili tatu ndipo ulilete kwako. Ukishindwa, mwombe akukung'utie nyuki wa ziada kutoka fremu za majana, maana hao ni walezi wachanga, hawajawahi kutoka, hawana pa kurudi. Kisha hamisha jioni, ziba mlango kwa majani mabichi, nyuki wayalegeze wenyewe siku ya pili yake. Mlango uwe mdogo, la sivyo majirani wenye nguvu watakuja kuiba.

Hoja Mkononi
Nyongeza fupi. Mizinga yote miwili isitoke kwa mama mmoja. Malkia akipandwa na madume wa ukoo wake, sehemu ya mayai inageuka madume yenye kasoro ambayo vibarua wanayala yangali mabuu. Utaona majana yana mapengo, utadhani ni ugonjwa.

Binti Nta
Leo Hoja Mkononi na mimi tunakubaliana mara mbili, andikeni tarehe.

Na lile boksi la wavu alilouliza mwanzo limesahaulika. Lina matumizi yake pale ambapo hakuna nyuki wengine wa kupata. Lakini malkia aliye kizimbani si mama wa wale nyuki, hawana sega hata moja, na wiki tatu za mwanzo idadi inashuka tu, wakubwa wanakufa na watoto bado. Mtu mpya anaanza na kundi linalopungua huku hajui kama kupungua huko ni kwa kawaida au ni tatizo. Mimi nisingempa mwanafunzi.

MzingaMtupu
Wakuu nawashukuru mno. Nimeongea na huyo mfugaji jirani. Amekubali kunigawia kundi moja maua yakikaribia, kwa sharti nimtengenezee boksi na fremu za kubadilishia. Na mzinga wa pili nitautega nyumbani kwa mjomba, mbali na kwake, ili isiwe mama mmoja. Kuna nililosahau?

Fundi Mbao
Kipimo! Kabla hujapiga msumari wowote, nenda na futi ukapime fremu zake. Urefu wa kibao cha juu, kimo cha fremu, na upana wa bega. Kama yeye anatumia Langstroth (mzinga wa boksi wenye fremu) na wewe umetengeneza mizinga ya vibao vya juu (sega linaning'inia kwenye kibao kimoja tu, bila fremu), fremu zake hazitaingia kwako, itabidi mkate masega na kuyafunga kwa kamba yakiwa na majana ndani, kazi ambayo simwombei mtu anayeanza. Wako ni wa aina gani?

MzingaMtupu
Mmoja Langstroth, mmoja vibao vya juu.

Fundi Mbao
Basi Langstroth upeleke kwa jirani, wa vibao utege kwa mjomba. Bumba halina habari na kipimo, litajijengea masega lenyewe. Pakaza nta mstari katikati ya kila kibao wajenge wakiwa wamenyooka, na hakikisha boksi limekaa sawa kwa pimamaji, kwa sababu wao wanajenga kufuata mvuto wa dunia, hawafuati mbao zako.